Suruali ya Mwituni: Kitambaa Kwanza, Jina Baadaye

Ndugu zangu wa ukoo, mlio Johannesburg, Maskati, Mombasa na kwingineko,

Vijana wetu wa hapa Johannesburg wamezoea sasa, kila kipupwe kinapoingia, kufuatana na majirani zao kwenda kuwinda katika vichaka vya Limpopo. Sina la kuwalaumu. Nyama ya mawindo iliyo halali ni riziki njema. Lakini naziona suruali wanazozinunua, na juu ya hizo nina neno.

Rai yangu ni hii: mwindaji akague kitambaa na mshono kabla ya kutazama jina lililotariziwa mfukoni. Vichaka vya kule havijui majina. Umo mti ambao Makaburu huuita wag-'n-bietjie, yaani "ngoja kidogo", nao ni wa jamaa moja na mkunazi wetu wa pwani. Miiba yake hukaa miwili miwili: mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Ukijinasua na huu, ule umekwisha kukuchoma. Kitambaa chepesi kikinaswa hapo, mpasuko hukimbia hadi gotini.

Kinachofaa ni pamba nzito iliyofumwa mshazari, au ile iliyopitishwa nyuzi nene kila baada ya nafasi ndogo, zikafanya vijisanduku. Mpasuko ukifika kwenye uzi mnene husimama. Pamba ikichanganywa na poliesta kiasi hukauka upesi baada ya umande wa asubuhi. Nailoni tupu siipendi. Kando ya moto, cheche moja huiyeyusha. Na mwituni hutoa mchakacho kila ikiguswa na tawi. Swala akishtuka, mwindaji hufyatua kwa pupa, na mnyama huenda na jeraha akafia mbali kwa mateso. Kwa hiyo kitambaa si suala la starehe ya mvaaji peke yake; ni amana baina yake na kiumbe anayemtoa roho.

Kisha rangi. Wengi huenda na jinzi, ilhali wanyama wenye kwato huiona buluu vizuri kuliko nyekundu. Na atakayefika Tanzania akumbuke kwamba mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta. Mavazi ya mabakamabaka ya kijeshi nayo yaacheni: nchini Zimbabwe sheria inamkataza raia kuyavaa. Kaki yatosha, jina lake lenyewe latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi.

Wapo watakaosema kaptula inafaa, maana wenyeji wengi huwinda nayo. Inafaa penye majani mafupi. Vichakani, miguu mitupu huchanwa na miiba na kupandwa na kupe, na homa ya kupe si jambo la mzaha.

Tena kuna ukataji. Neno suruali lilitufikia kupitia kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na sirwali ya wazee wetu ilikuwa na kipande cha ziada baina ya mapaja. Hakikuwa urembo: ndicho kilichomwezesha mtu kuchuchumaa na kupiga hatua ndefu bila kubanwa. Suruali isiyo na kipande hicho itapasuka mahali pa aibu siku ya kwanza ya kupanda majabali. Angalieni pia magoti yawe na kitambaa maradufu, na mishono ya pembeni iwe imepitiwa mara mbili au tatu.

Wala si lazima kununua iliyokwisha kushonwa. Oriental Plaza ya Fordsburg, walikohamishiwa wafanyabiashara wa Pageview miaka ya 1970 kwa sheria za ubaguzi, bado huuza vitambaa kwa mita. Nunua, fundi akupime, akushonee, akubakishie na kipande cha kiraka. Nilikaa ofisini miaka mingi nikiandika matumizi ya wengine, na hesabu hii ni nyepesi: suruali inayokubali kiraka humfikia mdogo wako, isiyokubali hununuliwa tena mwakani.

Wasalaam.