MDA5: Dawa Tatu Zianze Siku ya Kwanza

Mwaka 2023 vyama viwili vya madaktari nchini Marekani, kimoja cha magonjwa ya baridi yabisi na kingine cha magonjwa ya kifua, vilitoa mwongozo kuhusu mapafu yanayoshambuliwa na kinga ya mwili. Kwa dematomayositisi (ugonjwa wa kinga unaoshambulia ngozi na misuli) yenye kingamwili ya MDA5, mapafu yakianza kuharibika kwa kasi, mwongozo unataka dawa tatu zianze pamoja. Wamesema kweli. Kinachoudhi ni kwamba pendekezo lenyewe wamelipa daraja la “kwa masharti”, na daktari anayependa kuanza na steroidi peke yake, kisha asubiri aone, amepata pa kujifichia.

Wanaotetea daraja hilo wana hoja: ushahidi ni mchache, na dawa hizi zikiungana huamsha virusi na vimelea vingine. Ni kweli, lakini hoja hiyo haifiki mbali.

Ugonjwa huu hauna subira. Mara nyingi misuli haidhoofu na kipimo cha misuli cha CK hakipandi, kwa hiyo mgonjwa hutibiwa ngozi tu: vipele usoni, vidonda kwenye vifundo vya vidole, maumivu ya viungo. Kikohozi kikavu hupuuzwa, na eksirei ya mwanzo huweza kuonekana safi wakati kipimo cha CT tayari kinaonyesha madhara. Wiki chache baadaye mtu yuleyule anapumua kwa oksijeni. Huko Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa wagonjwa 29 steroidi kwa dozi kubwa, takrolimasi na saiklofosfamidi tangu mwanzo. Baada ya miezi 6, asilimia 89 walikuwa hai. Kwa wagonjwa wa miaka ya nyuma, walioongezewa dawa hatua kwa hatua, ilikuwa asilimia 33.

Anayedai kwanza lifanyike jaribio la kugawa wagonjwa kwa kura, atuambie nani atampeleka mama yake kwenye kundi la kusubiri. Maambukizi yanayohofiwa nayo yanadhibitika: virusi vya CMV hufuatiliwa kwa kipimo cha damu na vina dawa. Nimonia ya pneumosisti huzuiwa kwa Septrin, kidonge ambacho kliniki zetu za VVU zimekitumia kwa miaka mingi. Pafu lililogeuka kovu halina dawa ya kulirudisha.

Pendekezo hilo lipandishwe daraja. Na hata kabla ya hapo, madaktari wausome mwongozo vizuri: dawa tatu ni za aliyethibitishwa na za anayeshukiwa pia. Majibu ya kingamwili yasingojwe.