Mtoaji Akiondoka, Timu Hubaki na Nani?

Kila msimu wa Ligi Kuu unapokaribia ukingoni, mazungumzo ya barazani hapa kwetu, kuanzia Kilwa Masoko na Kivinje hadi Lindi mjini, hubadilika. Bingwa aghalabu huwa amekwisha kujulikana. Kinachobaki ni hesabu za mkiani: nani anashuka daraja, nani atanusurika katika mechi za mtoano, na nani anaomba dua mwenzake apoteze. Hata katika nyumba ambazo baba na mama hawaufuatilii mpira, watoto hurudi na maswali midomoni. Kwa nini timu ishuke? Na ikishuka, inakwenda wapi?

Wazazi wengi huyapuuza maswali hayo kwa kuwa ni ya mchezo. Sisi twaona yafaa kujibiwa vizuri, kwa sababu kushuka kwa timu ni habari ya mali, uongozi na umoja wa watu kabla ya kuwa habari ya magoli. Nasi watu wa kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Ndanda ya Mtwara ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Ilikuwa furaha ya mikoa yote miwili, Mtwara na Lindi, kwani kwa miaka mingi mtu wa kusini aliijua ligi kwa kuisikiliza redioni. Uwanja wa Nangwanda Sijaona ukaanza kuwapokea Simba, Yanga na Azam, na timu ikadumu misimu sita. Kisha ukaja msimu wa 2019/20, wenye timu 20 na mechi 38 kwa kila timu. Msimu huo ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, ukarejea mwezi Juni, na ulipofungwa mwishoni mwa Julai timu nne zilishuka moja kwa moja: Singida United, Lipuli ya Iringa, Alliance ya Mwanza, na Ndanda yetu.

Ajabu ni kwamba msimu huohuo ulikuwa wa sherehe upande wa pili wa kusini. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ndiyo kwanza ilikuwa imepanda, na ilimaliza ikiwa ya nne. Agosti 2, 2020, siku mbili baada ya Idi ya kuchinja, ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba mabao 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa inakwenda Ligi ya Mabingwa, Namungo ikapata nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika, na ikafika hatua ya makundi, ambako ilikutana na Raja Casablanca ya Moroko na Pyramids ya Misri. Hivyo katika msimu mmoja, ndugu wawili wa kusini walipishana ngazini: mmoja akipanda, mwingine akishuka. Baada ya vita vya Uhud, Qur'ani iliwakumbusha Waislamu kuwa siku za ushindi na za kushindwa huzungushwa baina ya watu. Ukumbusho huo haukuja ili watu wakae kitako wakisema ni majaaliwa. Ulikuja pamoja na mafunzo juu ya makosa yaliyotendeka, wapiga mishale wakiwemo, walioacha mahali walipowekwa. Basi nasi tutazame sababu.

Ya kwanza ni masafa. Katika ligi ya mechi 38, timu huchezea ugenini mara 19. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, nako ndiko karibu; hadi Bukoba, kwa Kagera Sugar, safari yakaribia kilomita 2,000. Timu ya Dar es Salaam hupata mechi kadhaa za ugenini ambazo wachezaji wake hulala majumbani mwao. Timu ya Mtwara hulipa nauli, chakula na malazi takriban kila inapotoka. Kijana aliyekaa ndani ya basi siku mbili hawezi kukimbia sawa na aliyeamka kitandani kwake, na klabu iliyomaliza fedha zake barabarani haiwezi kulipa mishahara kwa wakati.

Ya pili ni ufadhili. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu nzima ilichezwa bila mdhamini mkuu, na timu zisizo na tajiri nyuma yake ziliumia kuliko nyingine. Mwaka huohuo, Novemba 2018, soko la korosho lilivurugika. Wanunuzi waligoma, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu wakisubiri malipo. Hatusemi kuwa hilo ndilo lililoishusha Ndanda, kwani msimu huo ilinusurika. Twasema tu kwamba katika mikoa ambayo korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari na ndiyo bati la nyumba, mkulima asiyelipwa hana cha kununulia tiketi ya mpira.

Ya tatu ndiyo tunayotaka kukaa nayo zaidi, maana imo mikononi mwetu. Ni desturi ya kuiacha timu iwe mzigo wa mtu mmoja, au ofisi moja, au kampuni moja, huku sisi wengine tukibaki kuwa washangiliaji.

Historia ya Kilwa ina kisa kinachofaa kusimuliwa kila nyumba. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Masharifu walimjia kutoka Iraki na Hijazi, na masikini walikula naye. Msafiri huyo anaeleza kwamba fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba nguo alizovaa, akitoka kwenye swala ya Ijumaa, naye akampa. Jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yanaitazama bahari hadi leo, wataalamu wa mambo ya kale wanalinasibisha naye. Sultani huyo alipofariki, Mungu amrehemu, alirithiwa na nduguye Daud. Mwombaji alipokuja kwa Daud, jibu alilopewa lilikuwa na maana kuwa aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa.

Hatumlaumu marehemu kwa ukarimu wake. Ukarimu ni katika sifa bora za mja. Lakini tutazame waliobaki. Wageni walikwisha kuzoea mlango mmoja, na mlango ule ulipofungwa hawakuwa na mwingine. Husuni Kubwa yenyewe haikupata kumalizika. Kazi iliyosimama juu ya mkono wa mtu mmoja hufika pale mkono wake ulipofika.

Sasa turudi uwanjani. Juni 2, 2018, Singida United ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha dhidi ya Mtibwa Sugar na kufungwa 3-2. Juni 1, 2019, fainali ya kombe hilo ililetwa hapa kwetu, Uwanja wa Ilulu, Lindi, nasi tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani: Azam iliifunga Lipuli bao 1-0. Mwaka mmoja tu baadaye, Singida United na Lipuli zote zilikuwa zimeshuka. Mtibwa, bingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, ilifuata mwaka 2024. Na Tanga, mji wenye mapenzi makubwa ya mpira, ilipoteza timu tatu kwa mpigo mwaka 2016: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Basi kufika fainali si kinga, na jina kubwa si kinga.

Lakini wako walioanguka na kusimama. Coastal Union ilirudi Ligi Kuu mwaka 2018, na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne. Mtibwa ilikaa chini msimu mmoja tu, ikapanda tena mwaka 2025. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nao uliporomoka, ukakaa magofu kwa miaka mingi, kisha ukajengwa upya katika karne ya 15. Kuanguka kwa chochote si mwisho wake, maadamu wamebaki watu wanaokihesabu kuwa ni chao.

Huko Japani kuna mfano unaoeleza jambo hili kwa uwazi. Mjini Yokohama palikuwa na klabu iitwayo Yokohama Flügels, iliyotegemea kampuni mbili. Mwaka 1998 moja ilijitoa, na klabu ikaunganishwa na jirani yake na mahasimu wake, Marinos. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Kombe la Mfalme, Januari 1, 1999, nayo ikashinda. Ilikufa ikiwa na kombe mkononi. Mashabiki hawakukubali kwenda kuwashangilia mahasimu. Walichangishana, wakaanzisha klabu yao wenyewe, Yokohama FC, ikaanzia madaraja ya chini. Mwaka 2007 ikacheza ligi kuu ya Japani, ikamaliza ya mwisho na kushuka mwaka uleule. Imepanda tena na kushuka tena, mwaka 2021 na mwaka 2023. Lakini klabu iliyozaliwa kwa michango ya watu iko hai, na ile iliyokuwa na matajiri wawili haipo.

Nasi tufanye nini? Kwanza tuseme wazi: timu si msikiti, wala mchango wa mpira haupewi hadhi ya wakfu. Anayedaiwa ada ya mwanawe au dawa ya mama yake asiipeleke fedha hiyo uwanjani. Hata hivyo Uislamu umetufunza kukithamini kidogo kinachodumu kuliko kingi cha siku moja, na umetufunza kushirikiana katika mambo ya kheri. Kijana anayefanya mazoezi jioni, akalala mapema na kukaa mbali na dawa za kulevya, hiyo ni kheri ya nyumba nzima.

Tuchukue hesabu ndogo. Watu 2,000 wakitoa shilingi 500 kila mwezi, ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, na 12,000,000 kwa mwaka. Fedha hiyo haisajili nyota kutoka nje. Yatosha kusaidia nauli, maji, viatu na matibabu ya vijana wa timu ya wilaya. Mkulima wa korosho anaelewa jinsi makato madogo katika kila kilo yanavyogeuka fedha nyingi mwisho wa mnada.

Na fedha hiyo ipo. Tuipitie mitaa yetu siku za Jumamosi tuone vijana walioinamia simu wakijaza mikeka, wakiweka shilingi mia tano hapa, elfu moja pale, kwa timu za Ulaya ambazo wachezaji wake hawatajua kamwe kuwa Kilwa ipo. Kamari ni haramu, na kila mzazi Mwislamu anajua hivyo. Lakini zaidi ya uharamu wake, tujiulize: je, shilingi ileile iliyokosekana kwa nauli ya vijana wetu siyo inayotoka kila wiki bila kurudi? Kijana anayesema hana cha kuichangia timu ya nyumbani aonyeshwe, kwa upole, anachokitoa kila Jumamosi.

Wako watakaosema kuwa walikwisha kuchanga zamani, wasione kilichofanyika. Kauli hiyo ina haki ndani yake. Misikitini mwetu, makusanyo ya Ijumaa iliyopita husomwa mbele ya waumini hadi shilingi ya mwisho, na ndiyo maana watu huendelea kutoa. Kiongozi wa klabu ambaye hasomi hesabu mbele ya wanachama asishangae anapobaki na mfadhili mmoja. Fedha ya watu ni amana, na asiyesomewa hesabu hatoi mara ya pili.

Swali hili laihusu pia Namungo, iwe juu ya msimamo au chini yake. Tumefurahi kuona Ligi Kuu ikichezwa Ruangwa, katika uwanja wenye jina la Majaliwa, na watoto wa Lindi wakiwaona kwa macho wachezaji wakubwa. Lakini ni wangapi kati yetu, wa Kilwa, Nachingwea, Liwale na Lindi, tulio wanachama wenye kadi, tunaolipa ada na kuhudhuria mkutano? Tukiwa wachache, basi tunakaa kama wale wageni wa mlango mmoja.

Mwisho, tuwaambie nini watoto timu yao inaposhuka? Tuwaambie kuwa kumtukana aliyeshindwa si adabu, wala kumkimbia si uungwana. Wachezaji wale ni watoto wa watu; baadhi yao wamecheza miezi bila mshahara, na huenda mama zao wanasikia yanayosemwa jukwaani. Tuwafunze kumpongeza aliyeshinda, kisha kurudi uwanjani wiki inayofuata. Na mzazi mwenye uwezo amchukue mwanawe siku moja akaione timu ya wilaya ikicheza, waikate tiketi wote wawili, watazame mpaka mwisho, kisha wawahi Magharibi. Wallahu a'lam.