Lubumbashi: Mafuta ya moteri ya bei kali, nani anapata faida?

Katika maduka ya vipuri karibu na soko la Kenya, mjini Lubumbashi, shofere wa taksi-basi huonyeshwa bidoni mbili. Moja ni ya mafuta ya kawaida, 20W-50. Nyingine ni 5W-30 ya sintetiki, na bei yake inaweza kufika mara mbili au kupita. Muuzaji ana jibu tayari: ya pili inadumu zaidi, kwa hiyo pesa inarudi.

Kuhusu ubora, muuzaji hadanganyi. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima aina zote mbili kwenye maabara na kukuta sintetiki inashinda ile ya kawaida kwa wastani wa asilimia 47. Haiungui haraka, haigeuki kuwa matope, na inapita vizuri moteri ikiwa baridi. Lakini faida hii ya mwisho ni ndogo Lubumbashi, ambako hata usiku wa Juni na Julai baridi si ile ya barafu ya Ulaya.

Hesabu ya kudumu ndiyo inaharibika hapa. Magari mengi ya mji huu ni Toyota zilizotumika Japani. Huko kwao, Toyota inaruhusu moteri ya esanse isiyo na turbo kwenda kilomita 15.000 kabla ya vidanji, lakini inapunguza hadi 7.500 kwa gari linalofanya kazi ngumu: barabara mbaya, vumbi, safari fupi za kusimama kila mara. Taksi ya Katuba au Ruashi wakati wa kiangazi inaishi hivyo kila siku. Vumbi likipita kwenye filta ya hewa iliyochoka, linakwaruza chuma hata mafuta yawe ya bei gani.

Kwa hiyo Hiace ya zamani inayovuja itapata faida zaidi kwa mafuta ya kawaida yanayobadilishwa kwa wakati, pamoja na filta mpya, kuliko sintetiki inayoachwa hadi iwe lami. Gari jipya lenye turbo ni jambo lingine: kama kitabu chake kinataka sintetiki, kubana pesa hapo ni kuua turbo.

Manseba nao wajihadhari. Kwenye pikipiki nyingi, mafuta ya moteri yanalowesha pia klachi, na mafuta mepesi ya gari yanaweza kuifanya iteleze. Cha kutafuta kwenye bidoni ni alama ya JASO MA.

Hata neno "sintetiki" lenyewe lina utata. Tangu uamuzi wa mwaka 1999 katika ugomvi wa matangazo kati ya Mobil na Castrol, kampuni za Marekani zinaweza kuita hivyo hata mafuta yaliyotoka kwenye petroli ghafi na kusafishwa sana. Kuna maana zaidi kusoma alama za API: SN au SP kwa esanse, CI-4 au CK-4 kwa mazuti.

Ugumu mwingine ni wa watu. Mara nyingi mwenye gari ndiye analipa vidanji, na shofere anadaiwa pesa ya kila jioni. Siku ya garaji ni siku bila mapato, basi shofere anaisogeza mbele. Mwenye gari naye, asiyehesabu kilomita, anaona gharama tu. Moteri ikifa, mmoja anapoteza mali, mwingine anapoteza kazi. Daftari la kilomita ndani ya gari lingewasaidia wote wawili kuliko bidoni ya bei kali.

Tena kuna bidoni za bandia. Mafuta machafu yakichujwa na kutiwa ndani ya bidoni yenye jina kubwa, mnunuzi wa sintetiki ndiye anaibiwa zaidi. Anayenunua akague kifuniko kama hakijafunguliwa, na baada ya vidanji amwombe fundi atoboe bidoni tupu mbele yake.