Tairi Husomwa Kabla ya Kuhamishwa

Barabara za changarawe na za udongo bado ni nyingi zaidi nchini Tanzania kuliko barabara za lami, na huko ndiko yafanyako kazi magari mazito yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne: Land Cruiser za hospitali, Land Rover za mabwana misitu, na magari ya watu binafsi ambao makazi yao yako mbali na njia kuu. Kiwanda cha matairi cha Arusha, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilisimamisha uzalishaji kabla ya kumalizika kwa muongo wa kwanza wa karne hii, na tangu hapo mwenye gari hutegemea matairi yaliyovuka bahari. Kwa hiyo tairi moja linaloisha kabla ya wakati wake ni hasara ya mwenye gari, na ni hasara pia ya fedha za kigeni.

Dawa ya hasara hiyo yajulikana na wengi. Ni kuyahamisha matairi kila baada ya mwendo fulani, yaani la nyuma liende mbele na la mbele lirudi nyuma, ili yote yaliwe kwa kadiri moja. Aghalabu kazi hii hufanywa na kijana wa kando ya barabara, kwa haraka, dereva akiwa amekaa kivulini akinywa soda. Hapo ndipo penye kosa. Kazi ya kuhamisha matairi yafaa ifanywe nyumbani, na yule yule aliendeshaye gari. Wala si kwa sababu ya kuokoa ujira wa fundi, maana ujira huo ni mdogo. Sababu ni kwamba tairi ni shahidi, na shahidi huyu hutoa habari zake mara moja tu, kabla hajaondolewa mahali pake.

Hebu tuanze na ulaji wenyewe. Matairi ya mbele ndiyo yanayopinda njia, na kila kona huyaburuta kwa ubavu. Kwa hiyo huisha mabegani. Ya nyuma hubeba mzigo na kusukuma. Tena, kwa kuwa magari hapa hupita upande wa kushoto, na barabara hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yatiririke, gari huinamia kidogo upande wa kushoto, na matairi ya upande huo hukutana zaidi na mawe ya ukingoni. Hakuna matairi mawili katika gari moja yaishiyo maisha yanayofanana.

Wako wasemao kwamba haidhuru: mpira unaoliwa ni ule ule, basi afadhali kuyaacha matairi yaishe mawili mawili na kununua mapya mawili mawili. Kwa gari dogo la mjini hoja hii ina uzito wake. Kwa gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne haina, na hesabu ndogo yatosha kuonyesha. Tairi jipya la kimo cha sentimita 80 lina mzingo wa mita 2.51, nalo huzunguka mara 398 hivi katika kilomita moja. Likishaliwa milimita 8 za zile kashata zake, kimo chake hupungua milimita 16, na mzingo huwa mita 2.46, sasa litazunguka mara 406. Tofauti ni mizunguko 8 katika kila kilomita. Katika magari ambayo, mvutano wa magurudumu yote ukishawekwa, shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja bila difu ya katikati, kama zilivyo Land Cruiser nyingi za kazi, mizunguko hiyo 8 haina pa kwenda. Juu ya mchanga au tope, tairi huteleza kidogo na mambo yakaisha. Juu ya ardhi kavu na ngumu, shafti hujisokota, gia husagana, na mpira hukwanguliwa kwa nguvu. Anayefunga matairi mapya mawili mbele na kuacha vipara viwili nyuma huwa ameokoa bei ya matairi mawili na kuweka rehani giaboksi.

Basi kuhamisha ni lazima. Lakini kuhamisha pasipo kusoma ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza homa bila kumpima malaria: joto litashuka, na ugonjwa utabaki. Tairi lililoliwa mabega yote mawili linasema kwamba limekuwa likienda na upepo mdogo. Lililoliwa katikati limejazwa mno. Lililoliwa upande mmoja tu linashuhudia kwamba gurudumu limelala, au kwamba kiungo fulani cha usukani kimelegea. Kiganja kikipitishwa juu ya kashata kwa makini, na kikakuta ulaini kikienda na ukali kikirudi, kama meno ya msumeno, basi magurudumu ya mbele hayatazami njia moja. Na vijishimo vilivyopishana kuzunguka tairi mara nyingi hutokana na shokapu zilizochoka, ambazo huliacha gurudumu lidundedunde. Sasa, tairi lenye alama ya shokapu mbovu ya mbele kulia likishapelekwa nyuma kushoto, na hakuna aliyeandika, ni nani atakayejua alama ile ilitoka wapi? Kijana wa kando ya barabara hana kosa. Hakuulizwa habari, aliambiwa ahamishe.

Kwa hiyo kazi huanza kwa daftari na rula. Kila tairi hupewa namba kwa rangi upande wa ndani. Kina cha kashata hupimwa mahali patatu, ndani, katikati na nje, na kuandikwa pamoja na kilomita zilizosomwa katika kioo cha gari na upepo uliokutwa kabla tairi halijapata joto. Dakika ishirini zatosha.

Jambo la pili ambalo mafundi wengi hulipuuza ni tairi la akiba. Gari la namna hii lina matairi matano, si manne, na la tano huachwa chini ya gari au mlangoni nyuma mwaka hata mwaka, likipigwa na jua na vumbi. Mpira haungoji kutembea ili uzeeke. Hewa na joto huula hata ukiwa umetulia. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne, ambapo mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Si ajabu kukuta tairi la akiba lenye kashata kamili ambalo umri wake umepita miaka kumi, limepasuka mistari midogo midogo, nalo ndilo linalotegemewa siku ya dharura porini.

Tairi hilo la tano likiwa sawa na mengine kwa aina na kimo, na likiwa bado zima, liingizwe katika mzunguko. La akiba liende nyuma kulia. La nyuma kulia liende mbele kulia. La mbele kulia livuke hadi nyuma kushoto. La nyuma kushoto liende mbele kushoto. Na la mbele kushoto liwe akiba. Uzuri wa mpango huu kwa mtu aliye nyumbani ni kwamba ni mnyororo mmoja usiokatika. Kila gurudumu linalotolewa ndilo linalongojwa na kona inayofuata, hivyo hapana haja ya kuinua zaidi ya kona moja kwa wakati mmoja. Anayehamisha matairi manne tu hulazimika kuliacha gari likisimama juu ya magogo pande mbili au zaidi, na huko ndiko ajali ziliko. (Matairi yenye mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka hayavukishwi; hayo hubadilishana mbele na nyuma upande ule ule.)

Na hapa hapana budi kusema kwa ukali, kwa maana kufungua nati si jambo la kuua mtu. Kinachoua ni gari kuanguka. Gari lenye tani 3 pamoja na mzigo, likiinuliwa kona moja, huilaza jeki takriban kilo 700 au 800. Ikiwa kitako cha jeki kina sentimita 10 kwa 10, kila sentimita mraba ya ardhi hubebeshwa kilo 7 au 8, na ua wa nyumba uliolowa mvua hauwezi kustahimili. Kipande cha ubao mnene cha sentimita 30 kwa 30 kikiwekwa chini, mzigo huo hushuka hadi chini ya kilo moja. Ubao huo ndio kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, nao ndio husahauliwa. Mzigo ushushwe kwanza, jeki iwekwe chini ya ekseli karibu na gurudumu, na mara gari linapoinuka stendi ya chuma iwekwe ishike uzito. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Hakuna anayepaswa kuingiza hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Breki ya mkono nayo imewahadaa wengi. Katika Land Rover za zamani, tangu zile za Series hadi Defender ya awali iliyoachwa kutengenezwa mwaka 2016, breki hiyo haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti iendayo nyuma. Gurudumu moja la nyuma likishanyanyuka, difu huliruhusu lizunguke hewani huku lenzake lililo ardhini likizunguka kinyume, na gari hutembea ingawa breki imevutwa hadi mwisho. Mtu asiyejua kanuni hii hulaumu breki. Tiba yake ni kuweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kufunga mvutano wa magurudumu yote manne, na kwa Defender kufunga pia difu ya katikati, kabla ya kuinua chochote. Ua wenye mteremko haufai kabisa.

Nati hulegezwa gurudumu likiwa bado ardhini, na hukazwa kwa kuvukisha, ya juu kisha ya chini iliyoelekeana nayo, upande ulioinama ukitazama rimu. Kukaza kwa kurukia spana ni desturi mbaya. Mtu wa kilo 60 akisimama kwenye ncha ya spana ya nusu mita, nguvu anayoitia ni kama kilo 30 kwenye spana ya mita nzima, nayo imepita kipimo kinachotakiwa na magari mengi ya aina hii. Bolti huvutika kidogo, halafu siku moja hukatika njiani. Wenye rimu za vipande viwili wawe waangalifu zaidi: nati zinazounganisha vipande vya rimu si zile zinazoshika gurudumu kwenye gari, na kuzifungua tairi likiwa na upepo hurusha chuma kwa nguvu inayozidi tani moja. Kuhamisha matairi hakuhitaji kuzigusa.

Kazi ikiisha, upepo urekebishwe, kwa kuwa kipimo cha mbele na cha nyuma mara nyingi hutofautiana, na nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kisha daftari lingoje. Baada ya kilomita 8,000 hivi, au pungufu kwa wanaopita njia za mawe, matairi hupimwa upya, na hapo ndipo namba zile za rangi hulipa. Ikiwa alama mbaya imemfuata tairi namba 3 hadi mahali pake papya, tairi lenyewe lina ila. Ikiwa alama ile ile imejitokeza juu ya tairi jingine lililowekwa mbele kulia, basi tairi halina hatia, na gari lapaswa kupelekwa kwa fundi wa usukani na shokapu, dereva akiwa na daftari lake mkononi.