MLEZI MPYA NA MAKABIDHIANO YA WATOTO

Kila karani aliyepata kuhamishwa ajua jinsi kazi inavyokabidhiwa. Anayeondoka na anayeingia huketi meza moja. Leja hufunguliwa, fedha za sefu huhesabiwa mbele ya wote wawili, vitabu vya stakabadhi huandikwa namba zake za kwanza na za mwisho, funguo hutiwa mkononi, kisha hati hutiwa sahihi. Ikipungua hata shilingi mia, hapana atokaye chumbani mpaka ijulikane imekwenda wapi. Wala hatuoni kuwa huo ni usumbufu. Twaona kuwa ni haki ya yule anayeingia, asije akadaiwa kesho kitu ambacho hakukipokea. Basi twapenda kuwauliza wanachama: mbona watoto wetu, tunaowaacha kila asubuhi katika vituo vya kulelea watoto ili tuwahi kazini, hukabidhiwa mlezi mpya pasipo hata nusu ya taratibu hiyo?

Neno hili si la kusikia. Mwandishi wa maneno haya anaye mjukuu, ambaye alipokuwa na umri wa miaka mitatu alipelekwa katika kituo kimoja cha mjini, nacho hatutakitaja. Mama yake ni mtumishi kama sisi. Siku moja alicheleweshwa na hesabu za mwisho wa mwezi, na alipofika kituoni saa kumi na moja jioni alikuta watoto wawili tu wamebaki, na wake hayupo. Binti aliyekuwa zamu alikuwa na siku mbili kazini. Akasema, "Amechukuliwa na mjomba wake." Mjomba yupi? Hakujua. Jina halikuandikwa. Tulizunguka nyumba za ndugu hata baada ya magharibi, na simu ya mmoja wao ilikuwa imezimika. Kumbe ndiyo nyumba yenyewe. Tulimkuta mtoto amelala mkekani, ameshiba. Mjomba alikuwa mjomba kweli. Alipita njia ile, akaona vema amsaidie dada yake, naye hakuwaza zaidi ya hapo.

Siku ya pili yake tuliandika barua kali kwa mwenye kituo, na binti yule akafukuzwa kazi. Barua ile iliandikwa na mkono huu huu unaoandika tahariri hii, ilikuwa na hoja tano, na wakati ule tuliiona kuwa barua nzuri. Baadaye ndipo tulipopata kujua mambo yalivyokuwa. Binti alifika siku ya Jumatatu saa moja ya asubuhi, akapewa aproni, akaonyeshwa jiko na choo, kisha akaambiwa, "Watoto ndio hao." Hapana aliyemwambia nani aruhusiwa kumchukua mtoto gani, wala daftari la jambo hilo halikuwapo. Alimwona mtu mzima mwenye adabu, mtoto akamkimbilia akimwita mjomba. Wengi wetu tungalifanya kama alivyofanya yeye. Tulimlaumu asiyekabidhiwa kitu, tukamwacha aliyepaswa kukabidhi. Na neno hilo tumekaa nalo moyoni muda mrefu.

Hatusemi kwamba nchi yetu haina sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka vituo hivi viandikishwe na kusimamiwa, na maofisa wa ustawi wa jamii wapo kwa kazi hiyo. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, yenye kuwahusu watoto tangu kuzaliwa hata miaka minane. Hayo yote ni mema. Lakini cheti kilichotundikwa ukutani hakiwezi kushuka msumarini kikamfundishe mtu aliyeingia kazini asubuhi ya leo. Hiyo ni kazi ya mwenye kituo, na kwa kweli ni kazi ya wiki mbili hivi, ambayo wengi huifanya kwa dakika kumi.

Wako watakaosema kwamba kulea hakufundishwi: mwanamke aliyelea wadogo zake na watoto wake, utamfundisha nini? Twamheshimu sana mama wa namna hiyo, na kama twachagua tutamchagua yeye. Hata hivyo mazoea ya nyumbani hayatoshi. Tazama jambo la kulaza watoto wachanga. Katika Uingereza mabibi wengi, tena wenye mapenzi, waliwalaza watoto kifudifudi, kwa kuwa hata waganga waliwashauri hivyo. Mwaka 1991 watu wakatangaziwa kuwa mtoto mchanga alazwe chali, na katika miaka michache vifo vya ghafula vya watoto usingizini vikapungua kupita nusu. Mapenzi ya mabibi wale hayakuzidi baada ya mwaka ule. Walijulishwa jambo moja tu. Vivyo hivyo na karanga nzima, ambayo nyumbani hupewa mtoto wa miaka miwili ili anyamaze, nayo yaweza kumkwama kooni akafa mbele ya watu wazima sita. Na ndoo ya maji iliyoachwa wazi uani: mtoto anayejifunza kutembea huinama kuchungulia, kichwa kikamzidi uzito, na maji kidogo yakamtosha.

Tena kulea watoto kumi na wawili wa watu mbalimbali si kulea watatu wa tumbo moja. Mama ajua wake kwa kuishi nao. Mlezi hana budi kuambiwa. Juu ya hili liko jambo lililoonekana hapa hapa katika nchi zetu. Miaka ya 1954 na 1955 bibi mmoja mwanachuoni, Mary Ainsworth, alikaa Uganda, akazitembelea nyumba za Waganda karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga pamoja na mama zao. Habari zake alizitoa katika kitabu mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto aliyezoeana na mlezi wake hutambaa kwenda mbali kuchezea vitu, kisha hurudi kumtazama, kama mtu anayehakikisha kwamba nyumba yake ingali imesimama. Akaona na hili, ambalo sisi makarani twapaswa kulitia mstari: wale mama waliokuwa hodari wa kueleza habari ndogo ndogo za watoto wao, hula nini, huogopa nini, hulia vipi akiwa na usingizi na vipi akiwa na njaa, ndio ambao watoto wao walikuwa na utulivu zaidi.

Habari hizo ndogo ndogo ndizo leja ya kituo cha watoto. Mlezi wa zamani anazo kichwani. Akiondoka bila kukabidhi, huondoka nazo, na mtoto asiyejua kusema hubaki bila mtu wa kumsemea. Huyu akinywa maziwa hutokwa na vipele. Huyu hulala akishikwa sikio. Huyu hanyamazi akifungiwa mlango, kwa kuwa mwaka jana alifungiwa ndani akiwa peke yake. Nani ameyaandika?

Basi mlezi mpya na apokewe kama karani wa fedha apokewavyo. Kabla hajaanza, mwenye kituo na aulize huko alikotoka, kwa barua na kwa mdomo, maana barua za sifa twajua sisi wenyewe jinsi zinavyoandikwa. Siku za kwanza asihesabiwe katika idadi ya walezi. Akae kando ya mlezi wa zamani, atazame, akunje nguo, atoe uji, awaache watoto wamjie wenyewe. Mtoto wa miezi minane au tisa humwogopa mgeni, wala si kwa ubaya, ndivyo alivyoumbwa. Akinyakuliwa na mikono asiyoijua hulia mpaka akakauka sauti, na mlezi mpya hudhani kwamba hafai kazi. Akizoeleka apewe watoto wawili au watatu wawe wake, aelezwe habari zao na mama zao ana kwa ana, kisha aongezewe. Aonyeshwe daftari la langoni kwa macho yake, na aambiwe wazi kwamba ana ruhusa ya kumzuia mtu yeyote asiyeandikwa humo, awe mjomba, awe baba, awe mkubwa wa ofisi, na kwamba hapana atakayemkaripia kwa kuzuia. Neno hili la mwisho ndilo kubwa. Binti mgeni wa miaka ishirini hawezi kumwambia mzee mwenye kanzu safi "ngoja kidogo" ikiwa hajui nani atasimama nyuma yake.

Na aambiwe pia yale ambayo watu huona haya kuyataja: kwamba hapana mtu mzima, hata yeye mwenyewe, akae na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, kwamba kumchapa mtoto aliyejikojolea ni kosa, kwamba akiona alama mwilini mwa mtoto isiyoelezeka asiifiche kwa kuwaonea haya wazazi. Sheria ya 2009 imempa kila mtu wajibu wa kutoa habari mtoto anapodhulumiwa, na iko namba ya simu ya watoto, 116, ya kupigwa kwa ajili hiyo. Dawa asimpe mtoto bila maandishi ya mzazi.

Wenye vituo watajibu kwamba mshahara wa mtu anayetazama tu kwa siku kumi ni hasara. Hoja hii ina uzito wake, hatuidharau, maana vituo vingi vyaendeshwa na kina mama wasio na mtaji, na karo zenyewe hucheleweshwa na nani? Na sisi. Lakini ujira mdogo huwafanya walezi waondoke kila baada ya miezi michache, na kila aondokapo mmoja kazi ya kumfundisha mwingine huanza upya, au haianzi kabisa. Mzazi atakayeongeza kidogo juu ya karo, akijua kwamba mlezi wa mwanawe atakuwapo mwakani, hajatupa fedha yake.

Kwa hiyo Chama chetu kimepiga taipu hati ya makabidhiano ya watoto, ya ukurasa mmoja, yenye nafasi ya jina la mtoto, wanaoruhusiwa kumchukua, chakula kinachomdhuru, maradhi yake, namna anavyolala na namna anavyonyamazishwa, na chini yake sahihi tatu: ya mlezi anayeondoka, ya anayeingia, na ya mzazi. Makatibu wa matawi watapelekewa nakala pamoja na toleo hili. Twawaomba wanachama wenye watoto vituoni wazipeleke wenyewe, wala si kwa tarishi, na wakae na mlezi mpya robo saa wakizijaza pamoja naye. Atakayeona jambo tulilolisahau katika hati ile na atuandikie kabla ya mwisho wa mwezi, maana stensili ya pili haijakatwa.