Kona ya Muuguzi: Usimlipe Mtu Akutafutie Kazi

Swali la mwezi huu limeletwa na mama mmoja anayeishi hapa Uingereza. Mtoto wa dada yake ni muuguzi wa diploma huko Tanzania, ana miaka minne wodini. Amepata wakala anayedai mamilioni ili amtafutie kazi huku, na familia inataka kuuza kiwanja. Mama anauliza: walipe au wasilipe?

Wasilipe, mama yangu. Nitaeleza kwa nini, na hiyo pesa ni bora iende wapi.

Sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi. Anayemlipa wakala ni mwajiri. Isitoshe, serikali ya huku ina mwongozo wa kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje, na Tanzania imo kwenye orodha nyekundu, pamoja na Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Nchi hizi zina upungufu wa wahudumu, kwa hiyo waajiri na mawakala hawatakiwi kwenda kuwasaka wauguzi huko. Kenya iko orodha ya njano: kuajiri kunapitia makubaliano ya serikali mbili. Lakini muuguzi mwenyewe hakatazwi kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri. Tovuti ya NHS Jobs iko wazi, na kuomba ni bure.

Pesa iende kwenye usajili. Bila kusajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la huku, yaani NMC, huwezi kufanya kazi kama muuguzi. Diploma isimtie mtu unyonge. Mimi nilikuja na diploma, shahada nikaisomea huku. Muhimu ni kwamba mafunzo yako yalikupa usajili kamili wa muuguzi nyumbani, na leseni yako iko hai.

Aanze na Kiingereza. Kwenye IELTS ya Academic anahitaji 7 kwa jumla, na 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza; kuandika inakubalika 6.5. Akichagua OET, anahitaji B, na C+ kwenye kuandika. Wengi ninaowafahamu walikwama kwenye kuandika, kwa hiyo mazoezi yaelekee huko. OET inatumia mambo ya hospitali, kama barua ya rufaa, na wauguzi wengi huiona nyepesi zaidi.

Kisha kuna mtihani wa kompyuta, CBT, ambao huhitaji kusafiri hadi Uingereza kuufanya. Una hesabu za dawa na dripu, halafu maswali 100 ya kuchagua jibu kuhusu uuguzi. Baada ya hapo NMC hukagua vyeti, na Baraza la nyumbani huthibitisha usajili wako moja kwa moja kwao. Hapa ndipo faili hulala. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti na leseni yafanane, na ufuatilie Baraza bila kuchoka.

Mwisho ni OSCE, mtihani wa vitendo, unaofanyiwa hapa Uingereza. Una vituo 10. Wanakutazama unavyompokea mgonjwa, unavyopanga huduma, unavyotoa dawa na unavyoandika. Wenzetu wenye mikono hodari huanguka kwa vitu vidogo: hawakunawa mikono, hawakuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, hawakuuliza mzio, hawakuomba ridhaa. Nyumbani, ukiwa na wagonjwa 40 peke yako, unajifunza kufanya kimyakimya na haraka. Huku ukifanya bila kusema, mtahini hakuoni. Aanze sasa kusema kwa sauti kila anachofanya.

Kwa miaka ya karibuni ada zimekuwa pauni 83 za CBT, 140 za ukaguzi, 794 za OSCE na 153 za usajili. Waajiri wengi wa NHS hulipia OSCE, na wengine hurudisha ada nyingine. Ila asome mkataba: mara nyingi kuna kifungu cha kurudisha gharama ukiondoka mapema. Aulize ni kiasi gani, na kama kinapungua kadiri miezi inavyokwenda.

Kuna mtego mmoja zaidi. Wakala atasema, "Aje kwanza kama mlezi wa wazee, uuguzi atabadilisha akifika." Tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuwaleta walezi wapya kutoka nje. Anayekuuzia viza hiyo leo anakuuzia hewa.

Sitaficha pia kwamba nafasi za wauguzi kutoka nje zimepungua sana kuliko 2022. Mtu anaweza kufaulu Kiingereza na CBT, kisha akangoja mwajiri kwa muda mrefu. Kwa hiyo asiache kazi aliyonayo, na aendelee kukusanya uzoefu kwenye wodi moja, iwe upasuaji, wazazi au wagonjwa mahututi, kwa sababu mwajiri atauliza hilo kwanza.

Mama, mwambie dada yako kiwanja kisiuzwe. Kama mna cha kumsaidia binti, mlipieni OET.