Elektroni Hazina Majina

Nina ugomvi na walimu wenzangu wa sayansi, na kwa umri wangu wa miaka sabini na ushei sioni sababu ya kuuficha. Ugomvi wenyewe unahusu kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925, isemayo kwamba katika atomu moja elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali ileile kwa kila kitu. Wanafunzi huikariri kama amri ya askari. Akitokea mmoja akauliza sababu, huambiwa kwamba elektroni ni kama wapangaji: chumba kikijaa, anayefuata atafute kingine.

Naupinga mfano huo. Mpangaji ana jina na sura yake. Elektroni haina. Hakuna ya kwanza wala ya pili.

Wengine hujibu kwamba elektroni zina chaji hasi, kwa hiyo zinafukuzana. Hilo ni kosa tupu. Elektroni mbili za heliamu zinafukuzana vilevile, na bado zinakaa chumba kimoja, mradi spini zao zipingane. Nyutroni nayo haina chaji, lakini inatii kanuni hiyohiyo.

Mwaka 1926 Heisenberg na Dirac waliieleza vizuri zaidi. Ukizibadilishana elektroni mbili, funksheni ya wimbi inayozieleza haina budi kugeuza alama, chanya iwe hasi. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma matriksi anaweza kuliona jambo hili. Badilisha safu mbili za determinanti, alama inageuka. Zifanye safu hizo zilingane, jibu ni sifuri. Mwaka 1929 John Slater aliziandika elektroni kwa determinanti, na hapo kanuni ya Pauli haikuhitaji tena kuamriwa. Hali mbili zikilingana, hakibaki kitu.

Nitaambiwa kwamba atomu yenye elektroni nyingi haihesabiki kikamilifu, lazima tukadirie, basi ubishi wa nini? Sina vita na makadirio. Mwaka 1928 Douglas Hartree aliipa kila elektroni funksheni yake, akazizidisha pamoja. Zao hilo haligeuzi alama, kwa hiyo kanuni ilibidi ibandikwe kwa mkono. Mwaka 1930 Vladimir Fock alijenga hesabu hiyo upya juu ya sharti la alama. Nayo ni makadirio: kuzing'oa elektroni zote mbili za heliamu inataja elektroni-volti 77.9, wakati kipimo ni 79.0. Pungufu hilo linavumilika.

Sasa chukua lithiamu, yenye elektroni 3. Futa kanuni, uziweke zote tatu chumba cha chini. Hata ukizingatia jinsi zinavyokingiana mvuto wa kiini, hesabu itadai elektroni-volti kama 230 kuzing'oa zote. Kipimo ni 203.5. Makadirio ya namna hii, kwa hisabati yake, hayawezi kuifunga atomu kwa nguvu kuliko ilivyofungwa kweli. Yakizidi, ujue yanaeleza kitu kingine ambacho hakipo duniani. Makadirio yanaruhusiwa kukosea kiasi. Hayaruhusiwi kukosea aina ya kitu. Bila kanuni hii lithiamu isingekuwa na elektroni moja ya nje iliyolegea, wala sodiamu, wala chumvi tunayotia kwenye mboga isingekuwepo.

Je, kwa nini alama igeuke? Mwaka 1940 Pauli aliihusisha na spini pamoja na nadharia ya Einstein. Hata hivyo, katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1946, alisema wazi kwamba bado hakuwa na sababu ya kimantiki ya kanuni yake, na kwamba aliona huo ni upungufu. Mtu mwenye tuzo hiyo hakuona haya kuonyesha ukingo wa elimu yake. Mwalimu wetu anaona haya gani hata aubandike mfano wa wapangaji mahali pa jibu?

Kuuliza si ujinga. Kuziba swali ndio ujinga, na ni ujinga unaorithishwa. Anayenyamazishwa leo chuoni atanyamazisha darasa zima kesho. Dakika kumi za ubao na determinanti ya safu mbili zinatosha. Kisha mwalimu aseme: hapa ndipo tunapojua, na kuanzia hapa hatujui. Mwanafunzi atakayesikia hivyo ndiye atakayeendelea kutafuta.